Siku Nne Mgongoni mwa Pikipiki: Safari Yetu katika Milima ya Hà Giang



Wazee wetu husema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Maana yake, safari iliyomfaa mwenzako yaweza kukuletea wewe msiba. Methali hiyo tuliijua tangu utoto, tukaiandika mara nyingi ubaoni kwa chaki, na watoto wakaikariri kwa sauti kubwa. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine. Sisi tulifundishwa maana yake mbali sana na kwetu, katika milima ya kaskazini ya nchi ya Vietnam, karibu na mpaka wa Uchina, mwezi wa Novemba 2023. Tunawasimulia safari hiyo kwa sababu nchi ile ni nzuri mno, tena kwa sababu tulikosa huko kosa ambalo hatupendi ninyi mlikose.

Jinsi tulivyofika

Tulikuwa tumekwenda Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kwa mafunzo ya majuma matatu ya walimu wa Kifaransa. Jumapili tulisali katika kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu, lililofunguliwa mwaka 1886, lenye minara miwili ya mraba na kuta zilizoingia weusi kwa mvua na moshi. Hatukuelewa hata neno moja la Kivietnam, lakini Misa tuliielewa yote. Wakristo walijaa mpaka nje barazani, wengine wakisali wameketi juu ya pikipiki zao. Kanisa la nchi ile limepita katika moto: Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza watakatifu mashahidi wake 117 tarehe 19 Juni 1988. Sisi tunaomheshimu Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa mwaka 1964, twajua maana ya kanisa lililomwagiliwa damu.

Mafunzo yalipokwisha tulibakiwa na siku sita. Wenzetu wakatuambia: «Msirudi kwenu bila kuiona Hà Giang.» Basi tukafunga shanta zetu mgongoni, tukapanda basi la usiku. Toka Hanoi mpaka mji wa Hà Giang ni kilometa 300 hivi, na tulifika kabla ya mapambazuko. Wakati ule Hà Giang ulikuwa bado mkoa peke yake. Tangu Julai 2025 umeunganishwa na mkoa wa Tuyên Quang.

Mjini tuliwakuta vijana wengi wa Ulaya, Australia na Amerika, kila mmoja na shanta yake. Wote walikuja kwa jambo moja: kuizunguka milima ile kwa pikipiki, mwendo wa kilometa 350 hivi, kwa siku tatu au nne. Wengine huendesha wenyewe. Wengine huketi nyuma ya dereva wa pale pale, naye huwa dereva, kiongozi na mkalimani.

Jaribu la kwanza

Sisi tumeendesha pikipiki miaka mingi, tukizitembelea shule katika njia za matope, ambako mvua ikinyesha hata mbuzi hutafuta pa kupita. Kwa hiyo moyoni tulijiambia: Je, sisi tukae nyuma kama wanawali wanaopelekwa harusini? Tukaenda kwa mtu mmoja mwenye kukodisha pikipiki. Hakutuuliza hati yo yote. Alisema tu: «Toeni fedha. Mkikutana na polisi, mtaelewana nao.» Maneno hayo hayakuwa mageni masikioni mwetu, nayo yalitupendeza kuliko ilivyofaa.

Kwa bahati njema tulikwisha kujiandikisha katika kundi lenye viongozi. Mkubwa wao alikuwa kijana wa kabila la Watay, mwenye umri kama wetu, mpole, tena asiyecheka ovyo. Wavietnam huitana kwa majina ya ukoo kama sisi: mkubwa kwako humwita kaka, mdogo humwita mdogo wangu, na mwalimu huitwa mwalimu po pote aendapo. Akatuuliza kwa Kiingereza cha polepole:

«Mwalimu, unayo hati ya kimataifa ya kuendesha?»

«Tunayo ya nyumbani, kaka.»

«Hiyo peke yake haitoshi hapa. Utaketi nyuma yangu.»

Akatueleza sababu. Vietnam huikubali hati ya kimataifa ya Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968, ikiwa pamoja na hati ya nchi yako. Asiye nayo anavunja sheria, na akianguka, bima yake kwa kawaida haitamlipia hospitali. Kisha akatupa kofia ngumu, akatufunga mwenyewe kamba yake chini ya kidevu kama mama amfungavyo mtoto. Katika nchi ile kila apandaye pikipiki huvaa kofia ngumu; sheria hiyo ilianza tarehe 15 Desemba 2007. Basi tukaketi nyuma yake kama gunia la maharagwe liendalo sokoni. Tulikuwa wageni wanane na viongozi watano. Wageni watatu waliendesha wenyewe, hati wakiwa nazo. Sisi wengine tulipakiwa.

Nchi ya mawe

Siku ya kwanza tulipanda mpaka Quản Bạ, penye mahali waitapo Mlango wa Mbinguni. Ukungu ulikuwa umefunga bonde lote. Ulipofunuka, tuliona chini yetu vilima viwili vya mviringo vilivyosimama pamoja katikati ya mashamba, hata wenyeji huviita matiti ya malaika. Jioni tulilala Yên Minh, mahali penye misonobari mingi na baridi kama ya Butembo mwezi wa Julai.

Siku ya pili tuliingia katika nchi ya mawe yenyewe. Wasomaji wa Goma wameyajua mawe meusi ya volkano. Lakini mawe ya Đồng Văn ni mengine: ni mawe ya chokaa, ya kijivu, yaliyoliwa na maji ya mvua kwa mamilioni ya miaka mpaka yakawa na ncha kama meno. Tangu mwaka 2010 sehemu hiyo imeingizwa katika jamii ya mbuga za mawe zinazotambuliwa ulimwenguni.

Je, watu huishije juu ya mawe? Hilo ndilo lililotushangaza kuliko yote. Wengi wa wakaao huko ni Wahmong. Mtu wa Kihmong hutafuta ufa katikati ya majabali, hubeba udongo kwa kikapu mgongoni, huujaza ufa ule, kisha hupanda ndani yake mbegu chache za mahindi. Ufa wa pili vile vile, na wa tatu. Shamba lake si shamba kama tulijuavyo sisi. Ni mashimo mia mia yaliyotawanyika mlimani. Tulipopita mavuno yalikuwa yamekwisha, na katika mashimo mengi lilichanua ua dogo la rangi ya waridi, ndilo ua la ngano nyeusi, ambalo Wafaransa huliita sarrasin.

Mahindi yale husagwa kwa jiwe, unga wake hupikwa kwa mvuke mara mbili, nao huitwa mèn mén. Tulipouonja kwa kijiko tulicheka peke yetu. Si bugali hasa, kwa maana haukusongwa. Lakini harufu ni ile ile ya nyumbani. Wanawake hubeba kuni na majani ya ng'ombe katika vikapu vyenye mikanda ya mabegani. Tuliwakumbuka mama zetu wa Kivu, wabebao mizigo kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Tulimwambia kiongozi habari hiyo, akanyamaza kidogo, akasema: «Basi mama wote hubeba. Kamba tu ndiyo hubadilika.»

Tulipita Sà Phìn, ilipo nyumba kubwa ya mawe na mbao ya ukoo wa Vương, watemi wa Wahmong, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa utajiri wa kasumba. Kisha tulifika Lũng Cú, karibu kabisa na Uchina. Hapo kuna mnara wenye bendera ya mita za mraba 54, kwa kuwa serikali ya Vietnam huhesabu makabila 54 ndani ya nchi. Mpaka ule nao umeonja damu: mwaka 1979 Wachina na Wavietnam walipigana, na katika Vị Xuyên vita viliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo tuliona watoto wakichunga mbuzi huko bila woga. Nasi tuliotoka katika nchi ambayo milio ya bunduki haijanyamaza tuliwatazama watoto wale kwa muda mrefu.

Njia iliyochimbwa kwa kamba

Njia tuliyopita yaitwa Njia ya Heri. Yatoka Hà Giang mpaka Mèo Vạc, kama kilometa 185. Kabla yake mtu wa Đồng Văn aliyetaka chumvi alikwenda kwa miguu siku nyingi akimwongoza farasi wake. Ilianza kuchimbwa mwaka 1959, ikamalizika mwaka 1965. Waliochimba walikuwa vijana zaidi ya elfu moja wa makabila mbalimbali, pamoja na vibarua wa vijiji, nao hawakuwa na mashine. Walikuwa na nyundo, mitaimbo na baruti. Mahali pa kutisha kuliko pote ni Mã Pì Lèng, ambako jabali limesimama wima juu ya mto Nho Quế. Huko vijana walijifunga kamba viunoni, wakaning'inia juu ya shimo, wakatoboa jiwe kidogo kidogo kwa muda wa miezi 11. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo Yên Minh.

Kiongozi wetu alituonya jioni ile: «Kesho ni Mã Pì Lèng. Lazima kila mtu awe na macho yake mawili.»

Kosa letu

Usiku wa pili tulilala Đồng Văn, katika nyumba ya wenyeji. Baada ya chakula mwenye nyumba alileta pombe ya mahindi. Wana wa Katanga wangeitambua mara moja: ni ndugu wa lutuku. Hunywewa kwa vikombe vidogo, wote pamoja, kwa kuhesabu moja, mbili, tatu na kupiga kelele. Mgeni akikataa, huonekana hana shukrani. Sisi tulinyweshwa viwili, tukajizuia. Viongozi wetu walifunika vikombe vyao kifudifudi, maana tangu Januari 2020 sheria ya nchi haimruhusu dereva kuwa na kilevi hata kidogo.

Kati yetu alikuwako kijana mmoja mwenye kusema Kifaransa, mcheshi, mwema, mwenye umri wa wanafunzi wetu waliomaliza juzi. Alikuwa mmoja wa wale watatu walioendesha wenyewe. Hati alikuwa nayo. Tena alijua kuendesha. Usiku ule alikunywa vikombe visivyohesabika mpaka saa saba, nasi tulimpigia makofi pamoja na wengine.

Alfajiri macho yake yalikuwa mekundu, na mkono ulioshika kikombe cha chai ulitetemeka. Kiongozi hakujua Kifaransa, naye kijana alijua Kiingereza kidogo tu. Kwa hiyo kiongozi alituita kando.

«Mwalimu, mwambie mdogo wetu huyu asiendeshe asubuhi hii. Anipe ufunguo. Ataketi nyuma ya mwenzangu mpaka saa sita.»

Maneno yalikuwa wazi. Lakini tulimwona kijana akitabasamu mbele ya wenzake, tukaona haya kumwaibisha. Tukasema kwa Kifaransa kilichojaa adabu: «Kiongozi anauliza kama umepumzika vema. Ukijisikia umechoka, waweza kuketi nyuma.» Kijana akajibu: «Mwambie nisiwaze, mimi ni mzima,» akaitikia kwa kichwa. Kiongozi aliona kichwa kile kikiitika, akadhani amekubali, akaingia ndani kumlipa mwenye nyumba. Sisi tulinyamaza. Kiongozi alipotoka, kijana alikuwa amekwisha kuondoka mbele ya kundi.

Kiongozi alitutazama mara moja tu. Hakusema neno. Akawasha moto, nasi tukapanda nyuma yake.

Tulimkuta baada ya kilometa chache, mahali njia ikatapo kona yenye changarawe. Mungu ni mwema: alikuwa ameangukia upande wa mlima, ndani ya mfereji, si upande wa bonde. Pikipiki ilikuwa imelala juu ya mguu wake. Kofia yake ngumu ilikuwa na ufa toka mbele mpaka nyuma. Bila kofia ile tungekuwa twaandika habari nyingine. Kiongozi alimfunga mkono kifuani kwa kitambaa, akasimamisha motokari, wakampeleka hospitali. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na goti limechubuka mpaka nyama.

Tuliobaki tuliketi juu ya ukingo wa njia tukingoja. Mfukoni tulikuwa na rozari. Tuliishika, lakini sala haikutoka. Lililotoka ni yale maneno ya Kifaransa yenye adabu, yakijirudia masikioni mwetu.

Kiongozi aliporudi, tulimwendea, tukamwambia yote: «Kaka, hatukumwambia kama ulivyosema. Tuliyalainisha maneno yako.»

Akafikiri kitambo. Kisha akajibu bila ukali: «Nilijua, mwalimu. Sentensi yako ilikuwa ndefu kuliko yangu.» Halafu akaongeza: «Njia haijui adabu.»

Juu ya Mã Pì Lèng

Tuliipita Mã Pì Lèng siku ile ile, polepole. Jina lake, kwa tafsiri ya wenyeji, ni pua ya farasi. Njia imekatwa ubavuni mwa jabali kama rafu ya vitabu. Chini yake, mamia na mamia ya mita, mto Nho Quế umelala katika ufa mwembamba, wa kijani kama jani la mgomba jipya. Wasomaji waliopita mapindo ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, wajua jinsi tumbo linavyojikaza mtu akitazama chini. Hapa ni zaidi. Tulitafuta kwa macho mahali waliponing'inia wale vijana wa kamba. Tulifikiri juu ya aliyesimama juu, ameishika kamba ya mwenzake. Yule naye bila shaka alipenda kusifiwa na rafiki zake. Lakini kazi yake ilikuwa kuishika kamba, na kupiga kelele jiwe likilegea. Sisi asubuhi ile tulikuwa tumepewa kamba ya mtu mikononi, tukailegeza ili tusionekane wakali.

Siku ya nne tulirudi mjini kwa njia ya Du Già. Hospitali tulimkuta kijana ameketi kitandani. Tulimwambia kweli yote. Akatutazama kwa mshangao, kisha akasema: «Hata kama mngeniambia, labda nisingesikia.»

Labda. Lakini sisi hatukumpa hata nafasi ya kukataa, na jambo hilo hatukulinyamaza katika kitubio tuliporudi kwetu.

Maneno kwa vijana na wazazi

Ninyi vijana, huenda siku moja mtasafiri, maana ulimwengu wa leo umekuwa mdogo. Nendeni, mkaone. Mtembezi hujifunza asichofundishwa nyumbani. Lakini kabla ya kuipanda pikipiki katika nchi ya kigeni, ulizeni habari ya hati, na mwipate kwenu kabla ya safari. Someni karatasi ya bima mpaka mwisho. Mchagueni kiongozi awaulizaye maswali mengi, mkimwogopa yule asiyeuliza kitu ila fedha. Vaeni kofia ngumu hata mwendo ukiwa mfupi. Pombe ya wenyeji iheshimuni; tena mkiwa mtaendesha kesho, funikeni kikombe kama walivyofanya wale viongozi. Mwenyeji wa kweli hatakasirika. Wala msione haya kuketi nyuma. Sisi tulioketi nyuma ndio tuliouona mto Nho Quế. Aendeshaye huiona njia tu.

Nanyi wazazi na walimu wenzetu, sisi sote ni wakalimani. Mungu, Kanisa, daktari, wazee, wote hutupa maneno tuwafikishie watoto. Mara nyingi twayalainisha njiani, tukiita jambo hilo upendo.

Juma lililopita, mbele ya parokia yetu, tulimwona mwanafunzi mmoja akitaka kupanda pikipiki ya abiria. Dereva alinuka kasiksi, na kofia haikuwako hata moja. Watu walikuwa wengi, na dereva yule ni mtu tufahamianaye naye. Tulitamani kusema jambo refu lenye adabu. Tukasema: «Mwanangu, shuka. Huyu amelewa.» Dereva alitutukana mbele ya wote, na mtoto alikwenda kwao kwa miguu, amenuna. Alifika.